Sauti ya Mama Kwenye Sehemu ya D

Betio, Tarawa Kusini
Jumatatu, 3 Juni 2024

Mpendwa dada yangu Botaake,

Sauti ya mama imepotea. Ilipotea kati ya Jumamosi tarehe 18 Mei na Ijumaa tarehe 24, siku saba kamili, na aliyeipoteza ni mimi. Nimeliandika hili kabla ya salamu kwa kuwa najijua. Ningeanza na salamu ningezunguka kurasa mbili nikikueleza habari za mvua, kisha ningefunga bahasha bila kulisema.

Sasa salamu. Mauri, dada. U mzima? Mgongo unaendeleaje tangu wakupunguzie zamu za kuinua wazee huko kazini? Shemeji Tamuera hajambo? Watoto je, bado wanakuelewa ukiwasemesha lugha yetu, au wanakujibu kwa Kiingereza tu? Sisi huku tuko salama. Wifi yako Beretita anakohoa, wiki ya pili sasa, lakini anakula na anafoka kama kawaida, kwa hiyo sijaanza kuhofu. Kisima kimeingiwa na chumvi tena, tunategemea tangi. Mshelisheli wa nyuma ya nyumba umezaa mpaka matawi yameinama. Hizo ndizo habari njema, na nimezimaliza.

Utaniuliza kwa nini sikupiga simu. Nimeishika simu mara sita. Mara ya nne ulipokea, ukasema “haloo, haloo, Iotebwa?” nikakata. Si mtandao, dada, ni mimi. Ndiyo maana nimeandika. Barua anakuja nayo mke wa mchungaji, anaruka Jumatano, na ameniahidi kukukabidhi mkononi Jumapili kanisani.

Unaifahamu kompyuta yangu ya dukani, ile ya mezani niliyoinunua mwaka 2011 ofisi moja ilipokuwa inafungwa. Ilikuwa imeshatumika nilipoichukua, na nimeitumia miaka kumi na mitatu. Hakuna aliyenifundisha kuifungua. Nilijifunza kwa kuifungua. Ratiba za mazishi za nusu ya Betio zimechapwa humo, na fomu za shule, na picha za pasipoti, na matangazo ya harusi za watu ambao sasa wameshaachana. Lakini tangu Krismasi ilikuwa inachukua dakika kumi na moja kuwaka. Nimezipima. Mteja anakaa, anainuka, anakwenda kununua samaki, anarudi, bado skrini ina duara linalozunguka. Na diski ndani ilikuwa imeanza kugonga, tik, tik, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha.

Diski ikianza kugonga hivyo, mtu mwenye akili anaibadilisha kabla haijafa. Nikaagiza mpya, zile za kisasa ambazo hazina kitu kinachozunguka ndani, nyepesi kama kipande cha biskuti. Ilifika na ndege ya tarehe 16. Siku mbili baadaye nilifungua duka saa moja asubuhi, nikaandika mlangoni “Leo hatuchapi”, nikatandika mkeka chini, nikailaza kompyuta ubavu. Skrubu nne za kava, mbili zimeliwa na kutu ya bahari, nikazitoa kwa koleo. Vumbi la ndani lingejaza kikombe. Ncha za waya nikazisugua kwa kifutio cha penseli mpaka zikang'aa. Nikaunganisha diski mpya kwa waya wa pembeni, nikaanzisha programu ya kunakili. Ilikuwa saa nne kamili.

Hapa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipokosea. Ile diski ya zamani nilikuwa nimeigawa sehemu mbili. C ilikuwa na gigabaiti mia moja, humo umo mfumo wenyewe wa kompyuta, kile kinachoifanya iwake. D ilikuwa na zilizobaki, mia mbili na zaidi, na humo niliweka kila kitu cha familia: picha, vyeti, na mama. Programu ilinionyesha visanduku viwili vya kuwekea alama. Niliweka alama kwenye C peke yake. Sikusahau, dada. Nilipanga. Nilisema C kwanza, nione kama itawaka, halafu nile, halafu D.

C ilimaliza asilimia mia saa sita na dakika hamsini. Dakika kumi baadaye umeme ukakatika Betio nzima. Nikatumia muda huo kuingiza diski mpya ndani na kuitoa ile ya zamani, nikaiweka juu ya rafu, nikafunga kava kwa skrubu mbili zilizokuwa bado nzima. Umeme ukarudi saa tisa. Nikabonyeza.

Sekunde kumi na tisa.

Nikazima, nikawasha tena nikihesabu kwa sauti. Kumi na tisa. Nikamwita Beretita aje kuona. Nikawaita wauza samaki wa ng'ambo ya barabara. Walisimama mlangoni wakahesabu pamoja nami kama watoto wa shule, tulipofika kumi na tisa wakapiga makofi, na mmoja akasema, “Basi sasa hatutapata hata muda wa kwenda kukojoa.” Nilikula chakula baridi jioni ile na nilikuwa na furaha kama mjinga. D haikunijia kichwani. Haikunijia Jumapili, haikunijia Jumatatu. Wiki nzima nilikuwa nawahesabia watu sekunde.

Sasa Karotu. Mtoto wa mama mdogo Rotia, siyo yule wa Abaiang.

Alikuja Jumatano tarehe 22, duka limejaa, watu saba wamekaa. Wewe umekaa Brisbane miaka tisa, labda umeanza kusahau bubuti, ombi la ndugu lisilokataliwa, ilivyo ikitamkwa mbele za watu. Nikukumbushe.

“Kaka,” akasema akiketi, “leo nimekuja na bubuti.”

“Ya nini tena? Mwezi uliopita ulichukua feni.”

“Na feni inapuliza vizuri, Mungu akuzidishie. Leo naomba kile kidude kilicholala pale juu.”

“Kile ni diski.”

“Hicho hicho. Watoto jioni wanataka sinema, na mashine yangu imejaa. Wewe si unayo mpya? Betio nzima tumeshasikia. Kumi na tisa.”

Watu wakacheka. Bibi mmoja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti akasema, “Mpe mwenzio, hicho cha zamani utakifanyia nini, utakizaa?” Wakacheka zaidi. Nilimtazama Karotu, nikaitazama ile diski, na nitakuambia kitu ambacho sijamwambia hata Beretita. Kuna kitu kilinigusa. Nilihisi kama nimeacha jiko linawaka nyumbani. Nusu dakika ingenitosha. Ningesema, “Njoo kesho, niikague kwanza.” Hakuna ambaye angenilaumu.

Lakini nilikuwa na hasira, dada. Nilikuwa nahesabu. Feni, baiskeli, kabla ya baiskeli wino wa printa, kabla ya wino lile tangi dogo la maji. Vitu kumi na vinne tangu mwaka jana Juni, na hakuna hata kimoja kilichorudi, kwa kuwa mimi ndiye “mwenye duka”. Siku nilipokuwa naanza, nikilala chini ya meza ile ile ya kazi, hakuna aliyekuja na bubuti wala na shelisheli moja. Hata wewe, unisamehe, simu zako huwa zinaanza na “Iotebwa, simu yangu imegoma”. Sasa ningeomba nusu dakika, wale watu saba wangetoka pale wakisema Iotebwa kawa mchoyo, amemnyima ndugu yake kitu alichokwisha kukitupa. Nikainuka kwa kishindo, nikaichukua ile diski, nikamtupia mapajani.

“Chukua,” nikamwambia. “Chukua na rafu ukitaka.”

Jumapili tarehe 26 tulikutana kwa mama mdogo baada ya ibada kufanya mazoezi. Unajua tarehe 12 Julai wanafungua maneaba mpya, ukumbi wa mikutano ya kijiji, kule kwetu Nonouti, sikukuu ya uhuru, na kila ukoo unasimama na wimbo wake. Sisi wetu ni wa mama, na kabla yake ulikuwa wa mama yake. Beti tisa. Nne za kwanza kila mtu anazo. Kuanzia ya tano ni vita.

“Ya tano inaanza na ndege.”

“Inaanza na mtumbwi! Ndege yuko kwenye ya saba.”

“Ya saba ni upepo, mzee. Wewe wakati ule ulikuwa umelala.”

“Nimelala mimi? Nilikuwa napiga sanduku la mdundo!”

“Ulikuwa unalipiga ukiwa umelala. Ndiyo maana tulikuwa tunachelewa.”

Mama mdogo Rotia akapiga kofi moja juu ya mkeka wakanyamaza. Akanigeukia, na uso wake ulikuwa mpole kabisa. “Dada yangu yumo kwenye mashine ya huyu, beti zote tisa,” akasema. “Nenda mwanangu, katuletee.”

Nilikwenda nikipiga mluzi. Sekunde kumi na tisa, kompyuta ikawaka. Nikatafuta D. Hakukuwa na D.

Sikuelezi dakika zile. Nilikimbia mpaka kwa Karotu na kandambili moja mguuni. Alikuwa chini ya kibanda chake anarekebisha wavu. Nikamwuliza diski iko wapi, akanionyesha kwa kidevu. Ilikuwa imechomekwa kwenye mashine yake, imetulia, haina kosa lolote. Aliniambia alipoichomeka Ijumaa ilimwuliza kama anataka kuisafisha yote, naye akasema ndiyo, maana mtu akikupa kitu kichafu unakisafisha. Juu yake akamwaga sinema sitini na moja. Gigabaiti mia mbili tisini.

“Humo alikuwemo mama,” nikamwambia.

Alisimama. Wavu ukamdondoka. “Kaka,” akasema, “ulinirushia mapajani. Hukuniambia mama mkubwa yumo ndani.”

Hilo ndilo alilosema, halafu akakaa chini mchangani, mtu mzima yule, akajifunika uso kwa fulana.

Sasa inakuja ile sehemu inayonifanya nishindwe kukusikia ukisema haloo. Nilirudi kwa mama mdogo, wote wamekaa wananisubiri, sanduku la kupigia limewekwa katikati. Akaniuliza, “Yuko wapi?”

Nikasema, “Muulizeni Karotu. Nilimpa diski, ameifuta.”

Kila neno humo ni kweli, na yote pamoja ni uongo. Nilisema hivyo nikiwa na uso wa mtu aliyeonewa. Na Karotu alikuwa amenifuata, amesimama mlangoni nyuma yangu, amesikia. Nilingoja ajibu. Hakujibu. Nadhani alifikiri kwamba kwa kuwa aliomba, basi kosa ni lake.

Tangu siku hiyo, dada, wamemtoa kwenye sanduku. Unajua jinsi Karotu anavyolipiga, hakuna mwingine kwetu anayeufikia mkono ule, na wameweka kijana ambaye hata kiatu hawezi kukipiga kikatoa vumbi. Mama yake mzazi anamwekea chakula bila kumsemesha. Jina lake wamelifuta kwenye orodha ya meli ya kwenda Nonouti. Watoto wa jirani hawaendi tena kwake kutazama sinema, na wale wauza samaki, wanaonipigia makofi mimi, yeye wanamwita “mfuta mama”. Nimelisikia kwa masikio yangu. Nilikuwa napima karatasi, nikaendelea kupima karatasi.

Diski aliirudisha siku ile ile, ameifunga kwa taulo. Nimeifanyia kazi siku tatu kwa programu za kufufua faili. Yalikuwa mafaili kumi na moja, saa saba na dakika arobaini na mbili. Sinema zake zimekaa juu ya karibu kila kitu. Nilichookoa ni vipande vinne, jumla dakika tatu na sekunde arobaini. Hakuna hata mstari mmoja wa wimbo. Kimoja ni kuku. Kimoja ni mama anakohoa, anaomba maji. Kimoja ni upepo. Cha nne anakufokea wewe: “Botaake, ondoa hiyo sahani, unawalisha inzi!” Halafu wewe unacheka, halafu kinakatika. Nimekisikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia.

Duka ninalifungua kama kawaida. Watu wanakuja, nawachapia, wananisifu kwa mashine ilivyo na kasi. Sihesabu tena kwa sauti.

Nimeamua, na hili silifanyi kwa kutegemea jibu lako. Jumatano tarehe 12 ya mwezi huu ukoo wote utakutana kwa mama mdogo kufunga mizigo, maana meli inaondoka Alhamisi. Nitasimama mbele yao niseme: D niliiacha mimi, diski niliirusha mimi kwa hasira, na Karotu mmemhukumu kwa maneno yangu. Najua kitakachofuata. Mimi ndiye niliyekuwa najisifu kwamba kwangu hakipotei kitu. Nitakuwa hadithi ya kuchekesha mpaka watoto wangu wazae. Na iwe hivyo. Nitaomba jina langu likatwe kwenye orodha ya meli, la Karotu lirudishwe, na sanduku apewe mwenyewe.

Lakini kumrudishia Karotu sanduku hakutuletei beti tano. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Kumbuka Desemba 2017. Simu iliyomrekodi mama ilikuwa ya kwako. Siku tano pale juu ya jukwaa la kupumzikia uani, mama amelala ubavu, wewe umeishika, mimi nawafukuza kuku. Ulipomaliza uliniletea waya nikayahamishia mafaili kwangu, na wewe ukabaki nayo kwenye simu. Mwaka 2019 tukamzika, na bado ulikuwa nayo. Halafu Februari 2022 uliniandikia kwamba simu imejaa, haipokei hata picha ya mtoto, ukaniuliza ufanye nini na sauti za mama. Nami nikakujibu, ninayo meseji mpaka leo: “Futa tu dada, mimi ninazo mara mbili.” Ukaniuliza, “Una hakika?” Nikakujibu kwa dharau, “Hii ni kazi yangu, wewe fanya yako.”

Nilikuwa nazo mara mbili kweli. Folda mbili, zote mbili ndani ya D, juu ya diski moja iliyokuwa na miaka zaidi ya kumi. Mtoto wa darasa la tatu angeniambia kwamba hiyo ni moja.

Sikuombi unisamehe kwa kuipoteza sauti ya mama, sina uso wa kuomba hilo kwenye karatasi. Nataka kujua jambo moja tu. Najua wewe ni mtu wa kutii, hasa ukifokewa. Lakini najua pia wewe ndiye uliyekuwa unaficha vipande vya magimbi ya babai chini ya mkeka, mama akiwa amesema tumalize vyote. Kama ile simu bado iko kwenye droo, hata imevunjika kioo, hata haiwaki, usijaribu kuiwasha, usimpe fundi wa dukani, usiiguse. Nitakuja mwenyewe, au utaipakia nami nitakuelekeza hatua kwa hatua, na safari hii ukiniuliza mara mia kama nina hakika nitakujibu mara mia.

Nisalimie shemeji Tamuera sana. Wasalimie Teewa na Rubeiti, uwaambie mjomba wao anawakumbuka. Mama mdogo Rotia anakusalimu bila kujua ninaandika nini humu. Beretita naye anakusalimu, na amekufungia chupa mbili za asali ya mnazi, iwapo wakaguzi wa uwanja wa ndege watakuwa na moyo. Mungu akulinde mgongo na akulindie nyumba yako, mpate afya na amani huko mliko, na msikose riziki.

Sasa nijibu. Jumanne tarehe 11, kabla ya saa sita mchana ya huku, ambayo kwako ni saa nne asubuhi. Nitakuwa nimekaa na simu mkononi na safari hii sitakata. Usinifariji, usiniulize nimekula nini, usianze na habari za watoto. Dada, nilipokuambia ufute, ulifuta au hukufuta?

Mdogo wako anayekupenda na kukungoja,

Iotebwa